Nyumba ya Baba Nyuma ya Shangingi

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumeshusha mapazia. Vyombo vimefungwa tangu juzi. Mama anapikia sufuria moja. Jumatatu tunakabidhi nyumba ya kampuni. Baba ameinama tena kukagua kishikizo cha tela. Hana anachokikagua. Anapenda kukitazama.

Tela limeegeshwa mlangoni. Ni nyumba nyeupe ya bati, ina magurudumu mawili, kitanda, meza ya kukunja na dirisha dogo. Wapimaji wa miamba walikuwa wakilala humo porini. Kazi yao ilipokwisha, likauzwa. Baba akalinunua kwa kiinua mgongo chake. Hakuniuliza. Alijua ningemwambia ajenge kwa matofali. Litavutwa na shangingi letu la viti saba, gari ambalo limebeba kila harusi na kila msiba wa ukoo.

Sababu yake naijua. Alipika katika kantini ya mgodi wa almasi hadi alipostaafu, na muda wote huo hakujenga kwao Bukombe. Fedha ya ujenzi ilikuwa ada yangu, hadi shahada ya uinjinia. Kila alipokwenda msibani alilazwa stoo kwa Baba mdogo Masanja, na Masanja akamtania mbele ya waombolezaji: "Kaka, wewe wa almasi, karibu kwenye magunia." Baba hucheka. Nimemwona akicheka. Sasa anataka kuingia kijijini mchana kweupe akivuta nyumba yake mwenyewe, watu wakitoka kutazama. Anataka asilale tena stoo. Hakuna kingine anachotaka.

Naona ni jambo la kusikitisha, na la kijinga pia. Sijaamua lipi limezidi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Tumegombana. Niandike kwa mpangilio, maana bado nina hasira.

Majirani walikuja kusaidia kupakia. Injini ya mashine ya kusaga, ambayo Baba anakwenda kuitumia kijijini, iliinuliwa na wanaume wanne. Wakaiweka nyuma kabisa ya tela. Magunia ya mchele, nyuma pia. Mbele wakaweka magodoro na nguo. Nikauliza kwa nini.

Baba alinieleza kwa utulivu. Mkokoteni ukipakiwa mbele, nira huwakandamiza ng'ombe shingoni, nao huchoka kabla ya kufika. Mzigo hurudishwa nyuma ili mnyama apumue. Alijifunza hivyo utotoni, akipeleka pamba. Wote waliokuwapo wakaitikia. Wote ni watoto wa wafugaji.

Kwa ng'ombe ni kweli. Gari si ng'ombe. Tela lililolemea nyuma huinyanyua pua yake, na pua ikinyanyuka, magurudumu ya nyuma ya gari hupungukiwa na mshiko. Mwendo ukizidi, tela huanza kuyumba, na kila yumbo huzaa jingine kubwa zaidi. Nilichora kwa kijiti vumbini. Nilisema pia kwamba uzito wote kwa jumla umezidi uwezo wa gari. Nilisema hoja haiwi kweli kwa sababu tu imekubaliwa na wengi. Hata sasa sioni kosa katika sentensi yoyote kati ya hizo.

Kisha nikasema, mbele ya wanaume aliofanya nao kazi maisha yake yote: "Baba, hili si suala la mapishi."

Wanaume wakaacha kufunga kamba.

Mzee Shija, jirani yetu wa ukuta mmoja, akajaribu kuiokoa hali. "Injinia, wewe mkokoteni umewahi kuuendesha, au uliusomea?"

Wakacheka. Baba hakucheka. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mzigo utakaa ulipokaa."

Tungekuwa wawili tu, angenisikiliza. Nina hakika. Nina hakika pia kwamba mimi, nikiambiwa neno lile mbele za watu, nisingehamisha hata kijiko.

Jumapili, 6 Oktoba

Misa ya mwisho katika parokia hii. Watu wengi walimshika Baba mkono. Mimi walinipongeza kwa shahada, kisha wakauliza ninafanya kazi wapi. Sifanyi kazi popote. Nimejifunza kulisema hilo kana kwamba ni uamuzi wangu.

Mama alinikuta nikisoma barazani. "Kusema ulikuwa na haki, Deo. Kumvua nguo baba yako, hapana." Akaingia ndani. Nilikuwa na jibu. Nina jibu kwa kila kitu. Sikupata wa kumpa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Hakuna aliyekufa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo leo.

Jumanne, 8 Oktoba

Kagongwa, nyumba ya wageni. Chumba kina feni isiyozunguka.

Baba ana mtoto wa jicho, kwa hiyo niliendesha mimi. Alinikabidhi funguo bila neno, naye akakaa kushoto kwangu. Mama alikaa kiti cha katikati na kapu la chakula. Niliahidi kutozidi sitini. Kwa mzigo ule, uliopangwa vile, sitini ilikuwa kikomo cha busara.

Tulipita Shinyanga mjini, tukapita Tinde. Askari wa barabarani alitusimamisha, akazunguka tela zima, akauliza ni kitu gani kile. "Nyumba yangu," Baba alisema. Askari akacheka mpaka akashika kofia. "Haya Mzee, ukifika ubishe hodi, usije ukakuta umejifungia nje." Baba naye akacheka, na safari hii kicheko kilimtoka moyoni. Alikaa wima baada ya hapo. Alianza kuhesabu watoto waliokuwa wakitupungia mkono kando ya njia.

Tela lilitulia. Ninapaswa kuandika hivyo. Kwa sitini lilitulia kama lililopakiwa na mimi.

Isaka tulikunywa chai. Tulipokuwa tukipanda tena garini Baba aliligonga tela ubavuni kwa kiganja, akasema, "Unaona? Ng'ombe anapumua." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akinipa nafasi ya kucheka pamoja naye ili yaishe. Nililiona hilo wakati uleule. Sikucheka.

Baada ya Isaka niliongeza mwendo. Sabini. Nilijiambia kwamba malori ya nyuma yananisukuma. Nyuma hapakuwa na lori. Themanini. Nilitaka liyumbe. Kidogo tu, kiasi cha kumfanya ashike dashibodi, aniangalie, aseme tusimame tupange upya. Nilikuwa nimeshaandaa sauti ya kumjibu, ya upole, isiyo na majivuno.

Zaidi kidogo ya themanini.

Lori la makontena likaja kutoka mbele. Lilipopishana nasi upepo wake ulilipiga tela ubavuni. Nikaona kwenye kioo mkia ukihama kushoto, ukarudi kulia, ukaenda kushoto zaidi. Ilikuwa sawasawa na mchoro wangu wa vumbini.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu lilitangulia hofu.

Nilijua la kufanya. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usikanyage breki. Ningeweza kulifundisha darasa zima. Mguu wangu ulikanyaga breki.

Tela likalala ubavu. Kishikizo kikang'oka. Shangingi likazunguka, likasimama likitazama tulikotoka. Nyumba ya Baba iliburuzwa hadi mtaroni, ikapasuka, injini ikatokea ukutani, ikaendelea peke yake hadi kwenye mashamba. Mama alipasuka juu ya jicho. Baba aliteguka kifundo cha mkono. Mimi sikuumia popote.

Watu walikuja mbio. Wengi walitusaidia. Wengine walikusanya mchele kwa khanga, na sikuona sababu ya kuwazuia.

Askari waliokuja kupima ajali waliuliza mwendo. Nikasema sitini. Baba alikuwa amekaa kwenye nyasi, mkono kifuani. Akasema kabla hajaulizwa: "Mwanangu alinionya. Alinichorea mpaka chini. Mimi ndiye niliyekataa. Andika hivyo."

Wakaandika hivyo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumefika Bukombe, kwa Masanja, nje kidogo ya Ushirombo. Shangingi limebaki gereji Kagongwa. Fundi hana haraka nalo. Tulikodi fuso kwa vitu vilivyosalia. Kitanda cha tela hakimo, meza haimo.

Safari ilikuwa ya saa chache, lakini Baba alimwomba dereva asimame Kahama apate chai. Kisha akaomba tena asimame, chai nyingine. Kisha maji. Dereva alianza kunung'unika. Nilielewa nilipoliona jua likishuka. Baba alikuwa akisubiri giza.

Tuliingia kijijini taa zikiwa zimewashwa. Hakuna aliyetoka kututazama.

Masanja alitupokea vizuri. Alituamkia, akambebea Mama mizigo, akasema pole mara nyingi. Hakutania. Angetania ningejua pa kuielekeza hasira. Alikuwa amehamisha magunia ya mpunga upande mmoja wa stoo, akafagia upande wa pili, akatandika mkeka mpya. Baba alisimama kidogo mlangoni. "Wabeja, mdogo wangu," alimshukuru kwa Kisukuma, na akainama kuingia.

Jumapili, 13 Oktoba

Wageni wa kutupa pole. Kutwa nzima.

Baba huwasimulia wote, na kila akisimulia, onyo langu linazidi kuwa la hekima na yeye anazidi kuwa mbishi. "Nilimsomesha, halafu nikakataa kumsikiliza!" Wanatikisa vichwa. Kisha wananigeukia: Injinia, hebu tueleze, ilikuwaje?

Nikaeleza. Nilieleza vizuri. Nilitumia kikombe na kijiko. Mzee mmoja alisema kumbe elimu ni kitu, na atamrudisha mjukuu wake shule. Maisha yangu yote nilitamani kusikilizwa na watu wa ukoo huu kwa namna ile. Nilipomaliza nilikwenda nyuma ya nyumba nikakiosha kile kikombe mara mbili.

Mama alikuja kumwaga maji ya vyombo. Jeraha lake limekauka. Hakunitazama.

"Nilikuwa nimekaa katikati, mwanangu. Mshale wa spidi niliuona."

Akasuuza beseni, akaondoka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikulala. Nimejaribu kujitetea kwa hoja. Kwamba kwa mzigo ule, ajali ingetokea siku yoyote, mahali popote. Kwamba chanzo na kichocheo ni vitu viwili tofauti. Hoja ni nzuri. Ningeshinda nayo mdahalo wowote.

Jumatano, 16 Oktoba

Masanja amempa Baba kipande cha ardhi kando ya kijito. Tumeanza kufyatua matofali. Baba anatumia mkono mmoja. Wa pili umefungwa kitambaa. Mimi nakanyaga udongo.

Nilimwambia saa nne hivi, jua likianza kuwaka. Nilimwambia yote: sabini, themanini, na kwamba hapakuwa na lori nyuma yetu. Nilimwambia kwamba nilifurahi. Sikupanga maneno, na kwa hiyo yalitoka vibaya, mengine mara mbili.

Baba aliendelea kusawazisha tope kwenye kalibu. Akainyanyua, akalitazama tofali, akaosha kalibu kwa maji.

"Mshale sikuuona," alisema. "Macho haya. Ila upepo wa dirishani niliusikia ukibadilika."

Alijua basi. Alijua akiwa amekaa pale nyasini, mkono kifuani, akiwaambia askari waandike.

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi nimeshastaafu. Wakisema mzee hajui kupakia, sipotezi kazi. Wewe hujaajiriwa bado." Akajaza kalibu tena. "Baba yako mdogo asilisikie hili. Wala mtu mwingine. Tumemaliza."

Hakusema amenisamehe. Hakunilaumu. Alinionyesha kwa kidevu palipokuwa na udongo mkavu, nikaenda kuukanyaga.

Jumapili, 20 Oktoba

Wameleta habari kwamba mabati ya tela yamechukuliwa yote. Injini ingali shambani. Hakuna awezaye kuibeba. Baba alisikiliza, akaomba chumvi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ilinyesha alfajiri, haikudumu. Tulifunika matofali kwa nyasi na turubai la kuazima. Ya pembeni yamelainika.

Mchana alikuja mgeni wa Masanja, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Ushetu. Tukala pamoja. Masanja alikuwa amechangamka, na nadhani hakukusudia ubaya. Alimsimulia mgeni habari ya kaka yake aliyelipakia gari kama mkokoteni. Aliigiza: "Ng'ombe apumue, ng'ombe apumue!" Mgeni akacheka mpaka akasukuma sahani. Baba naye akacheka. Kile kicheko.

Nikaweka tonge chini. Nikafungua mdomo.

Baba akanitazama. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kwa muda wa kutosha.

Nikafunga mdomo. Mgeni akaniuliza kama mimi ndiye yule injinia. Nikasema ndimi.

Baadaye tulikwenda kijitoni, mimi na Baba, kuyageuza matofali ili upande wa chini nao upate jua. Yanageuzwa kwa viganja viwili, taratibu, maana tofali likishikwa kwa vidole linavunjika. Kijito kilikuwa na maji machafu ya mvua. Baba alitangulia mstari wake, mimi nikafuata wangu. Alisema kesho tukate nyasi zaidi, zile ndefu za ng'ambo, na tupange matofali mbali zaidi na ukingo.

Nyasi zile haziko ng'ambo peke yake. Ziko upande huu pia, karibu zaidi. Niliziona jana.

Nikasema, "Sawa, Baba."