Nyama Nyuma ya Unga

Jumatatu, 7 Julai

Ukungu tangu asubuhi. Nimemaliza habari ya wakulima wa chai, nikapita supermaketi. Mkate, sabuni, pakiti ya nyama ya kusaga. Nikiwa kwenye foleni mhariri akapiga simu: lori la viazi limepinduka Isongole, niende sasa hivi. Daftari lilikuwa chini kabisa ya mkoba. Nikaandika kwa peni juu ya pakiti: Isongole, lori, darajani. Nyama nisingeweza kwenda nayo. Friza iko mwisho wa duka, na mhudumu husimama palepale. Sokoni ningemwambia mama muuzaji "nitapitia", naye angejua sirudi, tungeachana vizuri. Hapa hakuna wa kumwambia. Nikaisukuma nyuma ya biskuti, nikapanda bodaboda.

Jumanne, 8 Julai

Habari ya lori imetoka. Dereva mzima. Viazi vimeokotwa vyote. Nyama sikuikumbuka.

Jumatano, 9 Julai

Nimeenda kununua chumvi. Nyuma ya biskuti hakuna kitu. Nikamuuliza Tumaini, binti anayepanga rafu, wanafanyaje na vitu vinavyoachwa ovyo. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya gazeti.

"Tunarudisha, baba. Jana asubuhi nimekuta nyama kwenye biskuti, imelala hapo, imelainika. Nikairudisha friza."

"Si imeharibika?"

"Tukuyu hii, Julai hii? Mji mzima ni friza, baba!"

Akacheka. Nikacheka naye. Kisha akasema ile yenye maandishi ya peni imechukuliwa jana jioni. Mama Atu wa Matwebe. Binti yake amejifungua, anampikia.

Ninaogopa. Rafu ya biskuti imeegemea ukuta wa oveni ya mikate. Nilipoiweka ile pakiti nilihisi joto mkononi. Nilihisi, nikaenda zangu.

Nimeuliza namba ya simu ya Mama Atu. Hakuna aliye nayo. Nikatafuta bodaboda, giza likaingia, mvua, kila mmoja akakataa njia ya Matwebe.

Alhamisi, 10 Julai

Matwebe saa mbili asubuhi. Nyumba imefungwa. Jiko la nje, sufuria imefunikwa. Jirani akasema wameenda hospitali, wote, na mtoto. Kwa nini? Hakujua. Walitoka mbio.

Miaka ishirini na mbili nimegonga milango ya watu wenye misiba. Daftari huwa mkononi. Leo lilibaki mkobani. Nilikaa barazani saa tatu nzima. Sikuandika hata neno. Nilimhesabu mzazi amekufa, na mtoto pia.

Wakatokea kwenye migomba, wanatembea. Mtoto alipelekwa chanjo. Walikuwa wanawahi gari.

Nikamweleza Mama Atu yote, nimesimama.

"Ile nyama? Mwanangu, ile sikuinunua. Nimefika kwenye foleni nikaisikia harufu. Nje ngumu, katikati teketeke."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani? Yule binti angesema mama wa shamba ana maringo. Nikaificha nyuma ya unga."

Binti yake akacheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaita bodaboda.

Dukani, nyuma ya unga hakuna kitu. Nikaenda friza. Ilikuwa juu kabisa ya nyingine, ngumu kama jiwe, safi. Isongole, lori, darajani. Nikainusa. Haina harufu tena. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa amenyoosha mkono.

"Hiyo hapana, mama," nikasema. Nikaishika kwa mikono miwili.

Nimeilipia. Nikampelekea Tumaini, nikamwonyesha maandishi, kisha nikaandika yaleyale chini yake kwa peni yangu. Akayalinganisha.

"Kumbe ni wewe, baba."

"Ni mimi."

"Na mimi nimeirudisha mara mbili," akasema polepole. Akakaa kwenye gunia la unga.

Nimeizika nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, shimo la urefu wa mkono.

Jumapili, 13 Julai

Mama Atu ametuma mkungu wa ndizi kwa mtu wa bodaboda. Mjukuu ananyonya vizuri.

Baada ya kanisa nimepita mgombani. Udongo haujafukuliwa. Mbwa wa jirani alikuwa amelala karibu. Nikaongeza jiwe.