Mshale Uliompata Samweli Mlamani

TANGAZO RASMI kwa Trevin peke yake, lisomwe kwa heshima: leo kilimani, mbele ya watu elfu sita, nimempiga nabii wa Bwana kwa mshale.

Kwenye kalio.

Sitanii, mwanangu. Unalijua onyesho letu: Samweli Mlamani, nabii wa Kitabu cha Mormoni, anahubiri juu ya ukuta, sisi Wanefi waovu tunamrushia mishale, yote inamkosa kwa sababu Roho yuko naye. Kazi yangu kiangazi chote ni KUKOSA.

Nilitaka tu upite karibu, nimshtue Ndugu Hadlock, anayeigiza Samweli. Ncha yenyewe ni sponji!

Ukampata. Akaruka, akakaa chini. Na sauti ya msimulizi, si unajua imerekodiwa, ikaendelea kunguruma: "Wala hawakuweza kumpiga!" Hawakuweza kumpiga, naye ameshika kalio.

Mtoto mmoja akauliza, "Mama, mbona wameweza?"

Nilidhani tutacheka. Nikamkuta Ndugu Hadlock nyuma ya jukwaa, ndevu za bandia mkononi, anamwambia mkewe, "Miaka kumi na moja mishale haijanigusa, Verla. Roho ameniacha."

"Acha hayo, baba. Ni upepo."

"Hakukuwa na upepo."

Machozi, Trevin. Machozi ya kweli.

Nikasema, "Ndugu Hadlock, Roho hajakuacha. Ni mimi. Nilikulenga makusudi."

Akanitazama. "Ulilenga kalio langu?"

"Hapana. Nilitaka upite karibu na sikio."

Akavaa ndevu zake. "Verla, Roho yupo," akasema, akaninyang'anya upinde.