Usimpe Emilian Mwamba Wangu

Kambi ya Tumbaku,
Ulyankulu, Tabora.
9 Machi 2024.

Mpendwa mdogo wangu Eustace,

Huu ni mwaka wa pili tangu niiache Bagamoyo, na bado nikiamka natega sikio nisikie maji. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mguu wa mama umepoa? Mimi mzima, ila kikohozi hakiniachi. Kazi yangu ni kuchochea kuni kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, na moshi wake haubagui mgeni.

Dereva wa lori alinifikishia barua yako pamoja na kile kipande kikavu cha sponji ya baharini. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu tunaishia kucheka, na haya ninayotaka kukuambia si ya kucheka.

Nimesoma kwamba watafiti walikuja, ukapiga mbizi Mwamba Kichwa ukawatolea sponji. Kwamba bakteria huitana kwa kemikali zao, na wakishajua wametosha ndipo wanashambulia pamoja. Na kwamba ndani ya sponji kuna kitu kisichowaua, kinawaziba masikio tu, kila mmoja akabaki peke yake. Habari tamu. Imenichoma.

Niliwahadithia wenzangu kazini. Zablon, Mnyamwezi wa hapa, mtani wangu, akadakia, "Kumbe pwani hata vijidudu ni vimbeya!" Wakacheka wote. Akaongeza, "Babu zetu walibeba pembe kichwani hadi kwenu. Sasa ni zamu yako, beba kuni, mtani." Nikacheka nao.

Juzi akachukua kile kipande nilichokitundika juu ya kitanda, akaanza kujisugulia utomvu mweusi wa tumbaku uliomganda mikononi. Nikamkaba shati. Eustace, unajua mtani hakasirikiwi. Wenzangu walinitoza faini ya jogoo palepale. Tulimla kwa ugali, na Zablon akachagua paja. Akitafuna akaniuliza, "Ni sponji tu, mtani, au una jambo?"

Sikumjibu yeye. Nakujibu wewe: ni wivu.

Mwamba ule niliuona mimi, nikifuata pweza, wakati wewe unaogopa hata kulowesha masikio. Nilikushika mkono nikakushusha. Mwanzo wa barua yako umeandika "mwamba wetu". Mwishoni umekuwa "mwamba wangu". Tena wamekupiga picha umeshika sponji! Nilipofika hapo nikaenda kuchochea moto kwa hasira, joto likazidi, majani mazuri yakaharibika rangi. Msimamizi alinisema mbele ya watu.

Unasema watarudi mwezi wa saba, wanataka mpiga mbizi wa pili, nawe unamfikiria shemeji Emilian. Emilian! Mume wa dada Asnath ni mtu mwema, simkatai, lakini anazama ameshika pua kama anayepita jalalani. Nafasi hiyo ni yangu. Wapigie watafiti uwatajie jina langu, na uwaambie nani alikuonyesha mwamba. Sikuombi unipishe. Nataka tushuke wawili kama zamani. Wivu wangu unaishia hapo, au karibu na hapo.

Nisalimie mama sana, na shangazi Pelagia, na dada Asnath. Emilian naye msalimie, ila haya usimsomee. Mungu akutunze ukiwa juu ya maji, na ukiwa chini yake akutunze zaidi.

Tumbaku ya mwisho tutaipeleka sokoni mwezi wa sita. Kesho yake nipo kwenye treni, na kabla ya Julai kuingia nitakuwa nyumbani. Miwani yangu ya kuzamia ipo juu ya kabati la mama. Mtu asiiguse.

Kaka yako akupendaye, wivu na vyote,

Xavery