Hesabu Unazijua, Kanku

Manika, Kolwezi
Tarehe 14 Novemba 1993

Mpendwa mpwa wangu Kanku,

Pokea salamu za mjomba wako Séraphin. Kifua kilichokusumbua ndani ya treni kimepona? Mama yako anakula vizuri? Sisi huku tu wazima, ila nyumba yenu wanakaa watu wengine, nami huzunguka njia ya mbali nisiione.

Mama yako ameniandikia kwamba parokia ya huko Mwene-Ditu inafungua sekondari kwa ajili yenu mliofukuzwa Katanga kwa kuwa baba zenu ni Wakasai, nawe unakataa kujiandikisha. Eti ulimjibu: "Hesabu haiko yangu. Mujomba alisema mbele ya bantu." Nilisoma maneno hayo mara tatu, nikaona haya.

Ni kweli nilisema. Mwaka jana, siku ya proklamasyo, matokeo ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi yakitangazwa, mimi mwalimu wako nilisoma asilimia zenu uwanjani, wazazi wote wakisikia: wewe hesabu thelathini na nane. Nikaongeza na neno langu, kwamba hesabu si yako, kwa kuwa u mtoto wa dada yangu na niliogopa wasije wakasema nakupendelea. Ulimi hauna mfupa, mwanangu.

Matokeo ya mtihani ule yalikuja na fomu ya pili, inayoonyesha swali kwa swali kila mtoto amekosea wapi. Hatukuwa na desturi ya kuisoma. Kwetu jumla ndiyo ilikuwa hukumu. Juzi, nikipanga kabati la darasa, nikaitazama yako. Kutoa, kugawanya, sehemu, eneo: kila swali la tarakimu tupu ulipata. Uliyokosa ni yale marefu ya Kifaransa, ya mapipa ya maji na magunia ya unga. Hesabu unazijua, Kanku. Kilichokushinda ni kusoma Kifaransa, na hicho ningekufundisha likizo moja tu, hapa hapa nyumbani kwangu. Najuta sana.

Fomu hiyo naitia humu. Mpe mwalimu wa huko, aanze na Kifaransa cha maswali. Asikurudishe kwenye kugawanya, mtapoteza muda bure.

Ningependa kukuomba radhi palepale uwanjani, mbele ya walionisikia, lakini nusu yao waliondoka na treni pamoja nanyi. Ukimwona huko yeyote aliyekuwapo siku ile, msomee barua hii kwa sauti.

Nisalimie mama yako Mbuyu na baba yako Polycarpe. Mke wangu Kabemba anawakumbuka kila akipika. Mungu awape makao yasiyo na wa kuwafukuza.

Mjomba wako akupendaye,
Séraphin