Kobe wa Mtambaazi

Machakos mjini, 3 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,
Habari za nyumbani, na goti lako je? Mimi ni mzima, ila mtihani wa chuo unaninyima usingizi. Kwa vile simu yako ilizama kwa pipa, naandika. Nakuomba unikatie shina la ule mtambaazi mnene uliopanda mgunga nyuma ya zizi, urefu wa kiganja, na gome lake. Walimu wanataka niwaonyeshe vile unanenepa, maana haunenepi kama miti mingine. Mtihani ni tarehe 20. Nikikosa, narudia mwaka.
Mama yako, Mwelu

Masii, 8 Machi

Mwaitu, mama yangu mdogo uliyebeba jina la mama aliyenizaa,
Salamu nyingi. Goti linanung'unika lakini linatembea. Nimekata. Lakini nikajiuliza, binti yangu mimi, Nzomo mchongaji, aende mbele ya walimu na kigogo kibaya hivyo, watu wasemeje? Kwa hivyo pokea kobe niliyemchonga. Nimetoa gome lote na kupiga msasa. Nimempa dereva wa matatu, kobe yuko ndani ya kiondo cha mamako.
Babako

Machakos mjini, 10 Machi

Baba,
Uko mzima? Mimi siko. Jamani! Naomba shina, unanitumia kobe anacheka! Mti wa kawaida huweka mbao ndani, gome nje, basi. Huu hujizungushia mbao, halafu tabaka laini, halafu mbao tena, ndiyo maana unapindika bila kuvunjika. Umepiga msasa mpaka matabaka hayaonekani. Kata kipande kingine, tafadhali. Tezo ifungie kabatini na ufunguo umpe Mama.
Bintiyo (leo mimi si mama yako), Mwelu

Masii, 16 Machi

Mwaitu,
Nakusalimu kwa aibu. Hakuna kingine. Shina lote nililimaliza siku ile ile, likawa kobe saba. Na Mungu ameniadhibu: mti huu ni muongo, ukikauka unaachana. Kobe wangu sita wamefunguka migongo kama vitunguu. Wako pia atakuwa hivyo, mtupe tu jikoni. Nisamehe.
Babako

Machakos mjini, 21 Machi

Baba yangu,
Goti je? Simtupi ng'o! Yale matabaka laini yalisinyaa yakikauka, mbao zikaachana zenyewe. Jana nilimfungua kobe mgongo mbele ya walimu wote, mbao, laini, mbao, laini, mpaka Daktari Wanza, anayetufundisha mimea, akasimama juu ya kiti aone vizuri. Nimepita, Baba! Nililia pale pale bila haya. Sasa Daktari anaomba wale sita wa kufundishia. Mpe dereva, na usiwaguse!
Mama yako tena, Mwelu

Masii, 25 Machi

Mwaitu,
Goti lilipona nilipofungua barua. Mamako amepiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Lakini umechelewa. Kobe watano nimeshawaziba kwa gundi na kuwapaka rangi ya viatu, hata kwa tochi huoni ufa. Mwambie Daktari avumilie, kisiki kimeanza kuchipuka. Wa sita simtoi. Miaka arobaini sijawahi kuweka kazi iliyopasuka machoni pa watu, lakini huyu yuko sebuleni, mgongo wazi. Jirani yetu Muindi alimwona jana akacheka sana. Nikamwambia, cheka tu, ndugu yake huyu amepita mtihani wa chuo, na wewe ulianguka wa darasa la saba.
Babako