Bomba la Mtaa wa San Benito

Shoga, nimejimaliza mwenyewe!

Si unamjua Yurani, yule mchora ramani za mabomba wa ofisini kwetu anayesifiwa kila siku? Leo katapila limepasua bomba la maji. Ramani yake ilionyesha liko ng'ambo ya barabara. Roho yangu kwatu!

Nikasimama kikaoni: "Muulizeni data kaitoa wapi!"

KAITOA WAPI. Kwa mdomo wangu huu.

Yurani akaanza kuikunja ramani haraka haraka. Bosi akafungua kumbukumbu za mstari wa bomba lile kwenye ramani, akasoma kwa sauti: "Umekisiwa, hapakuchimbwa kuhakikisha. Ofelia Buitrago, 2011."

Mimi, shoga! Siku ile mvua ilinyesha, nikauchora nimekaa kibandani nakula mkate wa arepa.

Yurani akaninong'oneza: "Dada Ofelia, nilikuwa nakusitiri."

Hata kwa wema kanizidi! Sasa nitamchukia kwa lipi?