Miguu ya Mume Wangu Mbele ya Kamati

Malvern, Johannesburg
Mwanzo wa Septemba, 2004

...na hapo ndipo kadi ya simu ilipokwisha, Somo yangu, nikabaki nimeshika simu sikioni, na wewe huko Tanga ukabaki na neno moja tu, kwamba Nassir ameungua. Najua hukulala. Basi kabla hata sijakusalimia, pokea hili kwanza: mume wangu hajambo, kidonda cha mguu wake kimefunga, na sasa hivi ninavyoandika yuko mbele yangu hapa dukani anatengeneza redio ya mteja, anaimba, anakosea kila mahali, na mimi naona hakuna mwimbaji anayemfikia.

Sasa nirudi kwenye adabu uliyonifunza. Assalamu alaikum, na shikamoo Somo. U hali gani? Kifua kimetulia? Mama bado anakuja kwako jioni kunywa kahawa na kulalamika kwamba nimeolewa nikamsahau? Mwambie sijamsahau, ila furaha nayo ina kazi zake. Huku baridi imeanza kutuachia. Bi Biubwa, mama mkwe wangu, anakusalimu kwa salamu nyingi na anasema mwali uliyempelekea anajua kupika bokoboko, hilo amelikubali, lakini chapati bado.

Somo, hujamwona Nassir ila kwenye picha, na picha ile ni ya uongo, imemfanya mkali. Hana ukali hata chembe. Unajua habari yake: baba yake alikuwa mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini aliyeishi kwetu Tanga miaka mingi na kumwoa Bi Biubwa, na wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao akaja nao huku, akafia huku. Unajua pia kwamba Nassir aliwahi kuanguka kutoka kwenye lori akiwa mtoto, mgongo ukaumia, na tangu hapo anatembelea magongo mawili. Wewe mwenyewe ndiwe uliyewajibu wale majirani kwamba Najma anaolewa na mtu, haolewi na jozi ya miguu. Nilikupenda sana siku ile. Asubuhi ananimenyea chungwa, ganda lote linatoka kama utepe mmoja, na ananipa kipande cha kwanza mbele ya wateja bila haya. Wazulu wa mtaani wananiita makoti, yaani bibi harusi, na nikipita wanamwambia Nassir kwamba redio zao zinachelewa kwa sababu yangu. Hawajakosea.

Lakini kuna jambo sikulijua. Miguu ya Nassir, kuanzia kwenye vifundo kushuka chini, ina ganzi. Si dhaifu tu, haihisi kitu. Bi Biubwa alidhani Nassir ameniambia. Nassir alidhani mama yake ameniambia. Kwa miaka yote mama ndiye aliyekuwa akimkagua nyayo na kumkata kucha, mpaka macho yake yakaingia ukungu. Na wiki ya fungate mama alihamia kwa rafiki yake kule Newtown ili tupate faragha. Basi ndani ya fungate hiyo hiyo Nassir aliungua miguu yote miwili, na mmoja ukageuka kidonda kibaya. Aliungua vipi, nitakueleza, nipe subira kidogo, maana ndilo jambo zito la barua hii. Kwa watu wengine wote Nassir alisema amekanyaga kaa la moto, na mimi nikanyamaza.

Hospitali ya serikali walikitibu kidonda vizuri, hatuna la kuwalaumu. Kisha tukapelekwa kwa dada mmoja, Nomsa, ambaye kazi yake ni miguu tu. Nilidhani atanionyesha namna ya kufunga bandeji. Badala yake akamkalisha Nassir, akageuza nyayo zake juu kama mtu anayesoma kiganja, akaniita nione. Akanieleza kwamba mgongo ulipoumia, habari za miguu hazifiki tena kichwani. Jiwe likiingia kiatuni hajui, ukucha ukimchoma hajui, na kwa mgongo ule hawezi kuinama akajitazama. Sugu zake zilikuwa zimeficha kidonda kingine chini yake, na mimi nilikuwa nikizisugua kila Ijumaa kwa mapenzi. Akasema mguu wa namna hii unahitaji mtu aliyesomea kuutazama mara kwa mara, na viatu vilivyoshonwa kwa kipimo chake, la sivyo siku moja utakatwa, na hatakuwa na maumivu ya kumwonya. Somo, nilitoka pale nikasimama kwenye robot ya Jules Street, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, zikageuka kijani na nyekundu na kijani tena, sikuvuka.

Huduma ya hospitali ya namna hiyo foleni yake ni ndefu, mtu anaweza kungoja nusu mwaka. Nomsa anaweza kumwona mapema, ila kwa malipo, na viatu ndivyo ghali zaidi. Nikakumbuka chama chetu cha Rosettenville, cha Watanzania na Wakongo na familia za waliorudi. Chama kina mfuko wa walemavu, na kamati yake ina watu watatu. Mwenyekiti ni Mzee Ephraim, Mwafrika Kusini aliyeishi ukimbizini Morogoro, Kiswahili chake kinakushinda kwa methali. Mweka hazina ni Mama Clémentine wa Lubumbashi, anayeuza vitenge. Na katibu ni Bwana Khatibu, mtu wa Unguja, ambaye hawezi kuona jambo zito bila kulitia mzaha.

Mara ya kwanza walitukatalia. Bwana Khatibu alisema mfuko ni wa magongo na viti vya magurudumu, na kusuguliwa miguu ni mambo ya saluni; akitaka kupakwa na rangi ya kucha aseme mapema. Watu wakacheka, hata Nassir akacheka, nikamchukia kwa kucheka kwake. Mama Clémentine akanigeukia kwa upole kabisa akasema, mama, weye ndiye bibi yake, unashindwa namna gani kumukata mume yako kucha? Huko kwao mke anayempa mtu mwingine miguu ya mumewe wanamwona mvivu.

Mzee Ephraim hakucheka. Alisema yeye hana roho mbaya, ila ana swali, na mpaka lijibiwe hawezi kutoa fedha za watu. Kuna mtoto anayengoja kiti, na kamati ikifungua mlango wa miguu, nani hapa hana miguu? Kesho atakuja mwenye fangasi, keshokutwa mwenye kisigino kilichopasuka. Basi nani atasema huu ni ulemavu na huu ni mguu tu? Kisha akasema neno lililonikaa moyoni: mtu mzima mwenye afya akikanyaga kaa naye anaungua. Ajali ni ya hospitali. Mfuko ni wa ulemavu.

Tulirudi nyumbani kwa teksi. Nassir akaniambia tusiwalaumu, mzee amesema kweli, na yeye atajiangalia kwa kioo. Mwanamume anayeniimbia nikipika, Somo, anataka kulaza kioo sakafuni atafute kama amechomwa na msumari. Niliona wazi kwamba swali la Mzee Ephraim lina jibu, na jibu ninalo mimi, na tumelifukia chini ya lile kaa la uongo. Na niliona pia kwamba ni jibu la chumbani, ambalo wewe uliponifunda uliniapisha nisilitoe nje ya mlango.

Tukaomba kusikilizwa tena. Nassir alivaa suti ya harusi. Yakarudi maneno yale yale: saluni, kucha, kazi ya mke. Ndipo nikasimama, nikaomba radhi kwa wazee, nikasema hakukuwa na kaa.

Somo yangu, nisamehe. Niliwaambia. Niliwaambia wanaume wawili na mwanamke wa watu kwamba usiku wa pili wa fungate nilimtilia mume wangu maji kwenye beseni kama ulivyonifundisha, maji ya moto yenye asumini, nikapiga magoti nikatia miguu yake ndani. Nilikuwa na mikono iliyojaa hina mbichi iliyofungwa vitambaa, kwa hiyo sikuyagusa maji. Nikamwuliza, je, ni ya moto sana? Naye akanitazama usoni, akaniambia ni mazuri, niongeze. Nikaongeza. Asubuhi ngozi ilikuwa imeinuka malengelenge mpaka vifundoni. Nikawaambia kamati: mtu mwenye afya angeruka na beseni likamwagika. Mume wangu alikaa ndani yake akitabasamu. Na mimi mkewe, ninayempenda kuliko mboni ya jicho langu, ndiye niliyempika. Mnasema miguu yake ni kazi ya mke. Mke ameshaifanya, na mmeona.

Hakuna aliyenitazama. Bwana Khatibu alishughulika na kalamu yake, kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mama Clémentine alishika shavu akasema taratibu, Mungu wangu, aliitika maji iko muzuri? Mzee Ephraim akamwuliza Nassir kwa nini alijibu vile na hali hakuhisi kitu. Nilijua Nassir anaona haya, shingo yake ilikuwa imelowa. Akasema, mzee, nilikuwa namtazama mke wangu, nani alikumbuka kama nina miguu?

Eish, wakacheka, lakini safari hii walicheka kwa namna nyingine, na Mama Clémentine alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge. Wakatutoa nje wajadiliane. Walipotuita, Mzee Ephraim alisema swali lake limepata jibu. Si kila mguu. Fangasi na visigino vya wazee kama yeye vitakwenda zahanati, na kidonda ni cha hospitali siku zote. Lakini pale ulemavu wenyewe unapomzuia mtu kuuhisi mguu wake, au kuuona, au kuufikia, hapo kuutunza mguu ni sawa na kumpa gongo, na mfuko utalipa mtaalamu na viatu. Akasema kanuni hiyo si ya Nassir peke yake. Na yule mtoto hatapoteza kiti chake. Bwana Khatibu akaandika, kisha akapata ulimi wake tena, akamwambia Nassir kwamba akiulizwa siku nyingine kama pilau ina chumvi, amwulize jirani kwanza.

Tangu siku ile nalala. Nomsa ameshamwona, sugu zimetolewa, kidonda kilichojificha kimekauka, na viatu vimekuja, vyeusi, vipana, si vya kupendeza hata kidogo, nami navipenda. Nassir ananiacha nizishike nyayo zake, ila maji sasa nayapima kwa kiwiko, hata akisema ni mazuri.

Najua nimevunja neno lako. Ukiwa na hasira, nitazipokea. Ila nakusihi, mwali mwingine ukimfunza beseni na asumini, mwongezee na hili, kwamba ayajaribu maji mwenyewe, na asiamini jibu la mwanamume anayemtazama.

Nisalimie mama, mkumbatie kwa niaba yangu, nisalimie na wote wa hapo kibarazani. Na nina ombi moja ambalo linanitia haya kuliko yote, kwa hiyo naliomba mapema: Nomsa amemkataza Nassir kukanyaga chini peku, hata ndani ya nyumba. Tafadhali mruhusu mkweo aingie kwako na viatu, apite juu ya mkeka wako hivyo hivyo, na majirani wakisema, uwajibu kama ulivyowajibu siku ile. Tiketi za basi tumekata. Kabla mwezi huu haujaisha, inshallah, utatusikia mlangoni tukipiga hodi, mimi na yeye.

Mwali wako akupendaye,
Najma wa Nassir